Mbege ya Conghua

Nilipokuwa kijana niliwahi kununua viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto. Ilikuwa sokoni Moshi, kwenye mitumba, na aliyeniuzia alikuwa shemeji wa kaka yangu, mtu wa maneno mengi ambaye hakuwa na kipimo kingine zaidi ya jicho lake. Alinitazama miguu akasema, "Hivi vilikuwa vinakungoja wewe." Nikajaribu kimoja, kikakaa vizuri. Nani hujaribu viwili? Akavifunga kwenye gazeti, nikapanda navyo mlimani, na kesho yake kulikuwa na harusi. Nafungua gazeti asubuhi, naona mambo.

Kumrudishia haikuwezekana. Yule alikuwa mkwe, na kwetu ukimrudishia mkwe kitu ujue unatafuta kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kina mbuzi wake. Nikavivaa. Harusi nzima nilitembea nikipinda upande kama gari lililokatika springi, wazee wakasema huyu kijana amewahi pipa. Mguu wa kulia ulivimba, ukucha ukang'oka, ukaota mwingine ambao mpaka leo umekaa vibaya.

Mtaniuliza viatu na pombe vinahusianaje. Havihusiani. Ila mimi shule niliiacha mapema, sikufundishwa habari inaanzia wapi, kwa hiyo naanzia pale mkono unapofika. Nilipopata kibanda changu cha kwanza niliuza viatu, na kwa uchungu wa ule ukucha sikuuza jozi bila kufungua boksi na kuvipanga vyote viwili mbele ya mteja. Watu wakanipenda kwa hilo. Kibanda kikawa duka, na duka likanipeleka Guangzhou, kule China, maana viatu vilitoka huko na mimi sikutaka tena kuletewa, nilitaka kuvifungua mwenyewe. Safari ya kwanza nilikaa chini kwenye sakafu ya duka la jumla nafungua boksi moja moja, mama mwenye duka akawaita majirani waje kunitazama. "Laoban!" aliniita. Ndiyo bosi, kwa lugha yao ya sokoni. Pale kila mtu ni laoban, anayeuza na anayenunua. "Laoban, umepoteza nini humo?" Nikamwonyesha kwa mikono, kulia, kushoto. Walicheka sana, lakini toka siku ile akawa ananiwekea kigoda.

Baadaye vijana wa mtandaoni wakaiua biashara ya viatu, nikahamia mtaa wa Yide Lu, kwenye rula na penseli na mipira na midoli inayoimba ukiibonyeza tumbo. Miaka ikaenda hivyo. Nashuka uwanja wa ndege wa Baiyun, napanda treni ya chini mpaka mtaa wa Xiaobei, nalala hoteli ileile ya barabara ya Huanshi, nazunguka, nafunga mzigo, narudi. Guangzhou kwangu ikawa kama Himo tu, ila Himo yenye maghorofa. Sikuwahi kwenda kutembea. Watu huniuliza, umeona mnara? Mnara wa nini, mimi nilikuwa naangalia rula.

Binti yetu wa mwisho ndiye alikuja kunitoa mjini. Alipata ufadhili wa kusoma kulekule, mambo ya vyakula, namna ya kuvisindika na kuvichachusha. Mama yake alifurahi kuliko mimi. Alisema, "Sasa mtoto anakwenda kusomea pombe ng'ambo, na pombe iko hapa jikoni!" Maana mama watoto alikuwa mpikaji wa mbege, na simsifu kwa kuwa ni wangu. Watu walikuwa wanapita vilabu vingine viwili kuja kwake.

Kwa asiyejua mbege nitasema kwa kifupi. Ni pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu unazichemsha kutwa mpaka ziwe nyekundu kama udongo wa kwetu, unaziacha zichachuke, unachuja. Ulezi unauotesha, unaukausha, unausaga, unaupika uji, uji unapoa, unachanganya. Na humo kunaingia gome la mti unaoitwa msesewe, linalotia uchungu. Hapo kwenye uchungu ndipo wapikaji wanapotofautiana. Ukizidisha, mtu anakunja uso. Ukipunguza, umepika juisi ya watoto. Mama watoto hakuwa na kipimo. Alilitafuna gome kwanza, akatazama juu kama anayesikiliza redio ya jirani, halafu akalivunja kiasi alichotaka.

Na nyumbani kwetu tulikuwa na utaratibu. Aliyepika anaonja kwanza, mbele ya watu, ndiyo desturi ya kwetu yote, uonyeshe hukutia kitu. Halafu ananipa mimi kata. Nakunywa, nafuta sharubu, nasema, "Imeiva." Nikishasema hivyo ndipo geti linafunguliwa na majirani wanaingia. Nisiposema, pipa linafunikwa. Iliwahi kutokea. Alinuna, lakini alilifunika. Wageni, wao, wakinywa wanasema tamu, tamu sana mama, hilo ni neno la wageni na halina kazi. Neno la kufungua geti lilikuwa lile moja, na lilikuwa langu.

Mama watoto alifariki mwaka juzi, wakati wa vuli. Binti hakuwahi mazishi. Karatasi za kumruhusu atoke na arudi zilichelewa, na sisi hatukuweza kungoja. Mimi nilikuwepo. Nilisimama, nikatupa udongo, nikashikana mikono na watu, nikala. Nakumbuka pilau ilikuwa na chumvi nyingi na nikaimaliza. Wakasema mzee ana moyo mgumu, mwanaume hasa. Nikawaacha waseme. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu. Nilingoja kitu kije, wiki ile na miezi iliyofuata, kikawa hakiji, na mtu hawezi kukaa anangoja tu, kuna duka. Nikafungua duka. Nikawa nafungua na kufunga, nakula, nalala vizuri. Mchungaji alikuja kunipa pole mara kadhaa, akaona sina cha kupozwa, akaacha kuja.

Ndipo binti akapiga simu. "Baba, ukija safari hii uniletee msesewe. Na ulezi wa nyumbani, ule wa shangazi."

"Wa nini?"

"Nimepika ya mama."

Yeye akaendelea haraka haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika. Kwamba chuo kimemweka kwenye kiwanda kidogo cha bia, huko Conghua, mashambani kaskazini ya jiji, na mwenye kiwanda amempa tangi moja achezee. Kwamba amejaribu ndizi za kila namna, amejaribu magome ya dukani ya dawa za Kichina, haifiki. "Nakumbuka ladha yake, baba, lakini kila nikipika naikumbuka tofauti. Wewe ndiye uliyebaki unayeijua. Nataka uje uonje, uniambie. Useme kama ni yenyewe." Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Sikumzika mimi."

Nikamwambia nitaleta.

Begi langu lilinuka gome njia nzima. Kule Baiyun wakalifungua, nikaeleza kwa karatasi aliyoniandikia binti kwa Kichina, afisa akalinusa, akapiga chafya, akamwita mwenzake naye aje anuse. Walinirudishia. Nikampelekea binti mzigo wake, akapika, na baada ya kumaliza mambo yangu ya Yide Lu akaniita niende.

Sikwenda peke yangu. Nilikuwa na rafiki yangu Mkongo, wa Lubumbashi, tunayelala naye hoteli moja miaka yote. Yeye hununua vitambaa na nywele. Amesoma kwa masista, anajua Kifaransa mpaka cha kuomba radhi, na bia ndiyo dini yake ya pili. Aliposikia kiwanda cha bia akavaa shati la Jumapili.

"Papa," aliniambia kwenye treni, "leo weye njo wa kuonja pombe, mie njo wa kula chakula. Tunasaidiana."

"Hakuna chakula kule."

"Kiwanda ya bière bila chakula? Basi hao si watu."

Treni ikatoka chini ya ardhi, majengo yakapungua, tukaona vilima. Tukashuka, binti alikuwa anatungoja na gari dogo la kukodi. Amekonda. Alinipigia goti kidogo kama alivyofundishwa, pale pale barabarani mbele ya Wachina, akamwamkia na Mkongo. Njiani akawa anasema tu, anaonyesha huku na huku. Eneo lile wanalima laichi, tunda linalofanana na shokishoki lililonyolewa nywele, na ndilo wanalotengenezea mvinyo. Kila kijiji kina nyumba za mvinyo. Unaona mitungi ya udongo imepangwa nje, mikubwa kuliko mtu aliyechuchumaa, midomo imefungwa kwa kitambaa chekundu na udongo. Harufu yake unaipata ndani ya gari. Ilikuwa msimu, matunda yamejaa mpaka matawi yameegemea ukuta.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ua wa familia moja ya hao watengeneza mvinyo. Upande mmoja mitungi, upande mwingine banda la bati lenye matangi ya chuma yanayong'aa. Mzee mwenye mji, rika langu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mianzi upande wa mitungi. Hakuinuka. Binti alinieleza kwamba baba wa yule mzee alipika pombe ya mchele, yeye akapika mvinyo wa laichi, na mwanawe karudi kutoka mjini kaanza bia, na mzee hajawahi kuvuka kwenda upande wa matangi. Anasema bia ni maji ya kuoshea mitungi. Nilimpungia mkono, akanipungia. Nilipenda kwamba angalau yeye alikuwa na jambo la kukasirikia.

Mwanawe, mwenye bia, alikuwa mtu wa makamo, mwenye aproni ya mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwita laoban, akacheka, akasema kwa mkalimani wake, yaani binti yangu, kwamba mbele ya mzee kama mimi hawezi kuwa laoban. Akatupitisha kwenye matangi. Akatunusisha kimea. Akafungua ndoo ya maua makavu ya kijani, yanayotia uchungu kwenye bia, akaniwekea kiganjani, nikayatafuna. Akashtuka, inaelekea watu huwa wananusa tu. Uchungu ulikuwepo. Niliujua kuwa ni uchungu, kama unavyojua kwamba ukuta ule ni mweupe.

Tukakaa kwenye meza ya ubao kivulini. Akaleta vibao vyenye matundu, kila tundu limeshika glasi ndogo, bia za rangi mbalimbali: ya njano, ya machungwa, nyeusi, moja ya waridi iliyokuwa na laichi ndani yake. Glasi ya kwanza ya kila mtu akaimimina mwenyewe. Binti alipomiminiwa akagonga meza kwa vidole viwili, nikadhani ana haraka, nikamkata jicho. Kumbe ndivyo wanavyoshukuru huko.

Halafu tukakaa.

Mimi nilikuwa nangoja laoban aonje. Aliyepika anaonja kwanza, hilo halina mjadala, hata ukiwa na kiu ya kufa huwezi kuwahi mdomo wa mpishi. Utakuwa kama huna adabu, au umetumwa. Nikatulia, mikono kwenye magoti. Laoban naye ametulia, ameshika glasi yake kwa mikono miwili, ameishusha chini karibu na meza, ananitazama kwa tabasamu. Nikamtabasamia. Akaishusha zaidi. Nikainamisha kichwa kwa heshima. Povu likaanza kushuka. Mkongo akawa anatazama glasi, ananitazama mimi, anatazama laoban.

"Papa, munangoja nini? Misa?"

"Ngoja mwenyewe aonje."

"Mousse, povu hii, iko naisha, papa! Bière inakufa na sisi tunaangalia, kama matanga!"

"Nyamaza wewe. Kila nyumba ina utaratibu."

Laoban akaanza kutoka jasho. Akamwambia binti kitu, binti akafunika uso kwa kiganja, akacheka, na kilikuwa kicheko cha mama yake hasa, kile cha kuvuta pumzi ndani. "Baba," akasema, "anauliza kama amekukosea. Kwao mkubwa ndiye anaanza. Hawezi kutia mdomo kabla yako. Anashusha glasi kukuonyesha kwamba wewe uko juu."

"Mwambie kwetu mpishi ndiye anaanza."

Akamwambia. Laoban akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, hawezi. Mkongo akainua glasi yake. "Basi mie si mpishi, mie si mkubwa, mie mwana wa Mungu," akaimwaga yote kooni. Ikabidi wote tucheke, na tukanywa pamoja mimi na laoban, tukitazamana ili asiwepo wa kwanza. Povu lilikuwa limekwisha kabisa.

Tukaonja zote. Laoban anaeleza, binti anageuza kwa Kiswahili, Mkongo anatoa hukumu. Ya njano alisema ni bia ya watu wenye kazi. Ya machungwa ilikuwa na maganda makavu ya chenza, akasema ni dawa ya kikohozi lakini apewe tena. Ya laichi aliipa jina la mwanamke aliyewahi kumjua kule Likasi, jina silitaji. Mimi nilikunywa kila glasi mpaka chini. Laoban aliuliza naonaje, nikasema nzuri. Ile nyeusi, naonaje? Nzuri. Ilikuwa kweli nzuri, sikudanganya. Hii ilikuwa na moshi, ile ilikuwa na tindikali, nyingine ilikuwa na utamu unaokuja mwishoni. Yote hayo niliyapata na ningeweza kuyapanga mezani kama rula. Binti alikuwa ananitazama pembeni, si usoni, mdomoni, jinsi mdomo wangu ulivyokuwa unakwenda. Yeye mwenyewe karibu hakunywa kitu. Mikono ilikuwa chini ya meza.

Halafu akaondoka, akarudi na ndoo ya plastiki yenye mfuniko na kata. Kata kabisa, ya kibuyu, iliyokatwa kwa mpini mrefu. Sijui aliipata wapi China. Nadhani aliiotesha.

Akakaa mbele yangu. Akafungua mfuniko, akakoroga, machicha yakapanda juu. Laoban alisogea kutazama. Binti akaniambia walibishana naye wiki nzima, yeye alitaka ichujwe iwe safi, binti akamwambia ikichujwa si mbege, ni mkojo. "Nilimwambia hivyohivyo," akasema, akajaribu kucheka. Akachota. Akainua kata kwa mikono miwili akaonja kwanza yeye, mbele yetu, kama ilivyo desturi. Alimeza, akafumba macho kidogo. Kisha akanigeuzia mpini.

"Baba."

Mkongo akaweka glasi yake chini.

Nikapokea. Nikapuliza machicha pembeni, nikanywa. Sikuonja, nilikunywa, kama mtu anayejua anachokunywa. Funda moja refu, nikapumzika, na jingine.

Nitawaambia ilivyokuwa, sina sababu ya kuficha. Ilikuwa yenyewe. Ndizi ilikuwa imechemka mpaka ikapata ule moshi wake. Ulezi ulikuwa mahali pake, unakwaruza kidogo kwenye ulimi. Na msesewe ukaja mwisho, nyuma kabisa, kooni, ulipokuwa unakuja siku zote, haukuzidi, haukupungua. Mtoto hakupima kwa mashine. Mtoto alilitafuna gome. Kama ungenifunga macho ukaniweka jikoni kwetu ningesema huyu ni mama watoto, na leo ana hasira kidogo. Mpaka hasira ilikuwemo.

Na mimi nilikaa pale na kata mkononi nangoja. Nilijua kabisa ninachongoja. Nilisema moyoni, sasa kitakuja. Mwaka na zaidi kimekataa, lakini kwa hili kitakuja tu, hakina pa kupita. Nikanywa tena. Nikamtafuta mama watoto amekaa kwenye kigoda chake cha jikoni, nikampata, kanga yake ile ya kahawia, kisigino kilichopasuka, nikamwona vizuri sana. Ilikuwa kama kutazama picha ya pasipoti. Ndiyo, ni yeye. Basi. Nilisikia inzi. Nilisikia tangi linanguruma kule bandani. Laichi moja iliangukia bati.

"Baba," binti akasema. "Sema basi."

Nilifungua mdomo. Neno nililijua, nimelisema maisha yangu yote ya ndoa, si gumu. Lakini lile neno sikuwahi kulisema kwa kujua tu. Lilikuwa linatoka lenyewe, linatangulia, mimi nalisikia pamoja na watu wengine. Sasa nikalitafuta, halikuwepo mahali pake. Nikaona nikilisema hivi hivi, kavu, atalisikia kwamba ni kavu. Huyu ni mtoto wa mama yake. Angejua kabla sijafunga mdomo.

"Ni tamu," nikasema.

Laoban alipogeuziwa neno kwa Kichina, maana binti aligeuza, sijui kwa nguvu gani, alifurahi, akapiga makofi. Mkongo hakufurahi. Mkongo nimemwambia habari za nyumbani kwangu miaka yote, usiku wa hoteli ni mrefu, anajua lile geti na anajua lile neno. Akatazama meza. Binti alibaki ananitazama. Hakulia. Angelia pengine ningemshika. Alisema taratibu kabisa, "Tamu."

"Tamu sana," nikasema.

"Uchungu je? Msesewe?"

"Uko vizuri."

"Niongeze? Baba, kama haijafika niambie tu haijafika. Nitapika tena. Nina gome lililobaki. Ukikaa mpaka wiki ijayo nitapika tena."

"Haina haja ya kupika tena."

"Sasa ni yenyewe au si yenyewe?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimeulizwa wazi, kwa Kiswahili, na jibu lilikuwa kinywani pamoja na machicha. Nikampa Mkongo kata. Nikafuta sharubu. Nikasema naomba nitoke nje mara moja, wakadhani nakwenda msalani, laoban akaninyooshea kidole upande wa nyuma ya banda, akaona sikuelewa akanyoosha tena. Nikampungia mkono kwamba nimeelewa.

Binti akasema, "Nakungoja, baba," akafunika ndoo.

Nikaenda upande wa mitungi. Mzee wa mvinyo alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Geti lilikuwa limeegeshwa tu. Nje kulikuwa na barabara ya zege, joto linapanda kutoka chini, na mti wa laichi ambao watu walikuwa juu yake na vikapu, wakaacha kuchuma wakanitazama. Sikuwa nimepanga kwenda popote. Nilitaka kusimama kidogo, nadhani, halafu nirudi. Lakini miguu ilikuwa inakwenda, na mtu akiwa anakwenda ni rahisi kuendelea kuliko kusimama akatafuta sababu. Nikapita nyumba ya mvinyo ya jirani, na iliyofuata. Mwanamke mmoja aliniinulia kikombe cha kuonja, nikamwambia "bu yao", sitaki, ndiyo Kichina ninachokijua vizuri kuliko chote.

Simu ilianza kuita mfukoni, ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Nikaitoa, nikaona picha yake akiwa na joho la shule ya sekondari, nikairudisha mfukoni ikiwa bado inaita.

Pale barabara ilipokutana na lami palikuwa na kituo. Basi lililokuja lilikuwa linarudi upande wa treni, nusu tupu, lina kipupwe kikali. Nikapanda, nikakaa upande wa dirisha. Conghua sijakanyaga tena.